Kilichokwenda na Nyama

"Nyama njo yangu," Mwavita alimwambia nesi Francine pale mlangoni mwa chumba cha upasuaji. "Mukimaliza, munipe. Musitupe kitu."

"Nitakupa, Mama. Nilishakuambia."

"Katika chupa. Yenye kifuniko."

"Katika chupa yenye kifuniko, nimeichemusha miye mwenyewe. Sasa uniachie mulango, mugonjwa ananingojea."

Mgonjwa alikuwa Rehema, mtoto wa pekee wa Mwavita, amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu na rovu lake limemjaa shingoni kama papai changa. Alimpungia mama yake vidole. Mwavita aliviangalia vile vidole vyembamba, vyepesi, vidole vya mshonaji, mpaka mlango ulipofungwa. Rovu lenyewe halikumtisha. Watu hukatwa rovu wakapona, wakarudi sokoni na kovu lao wakilifunika kwa mtandio. Aliyokuwa akiihofia ni mikono.

Ombi lake halikumshangaza mtu. Katika mji wa Kindu, kinachokatwa mwilini mwa binadamu hakitupwi. Kondo la nyuma, kidole kilichosagwa na mashine, hata uvimbe, vyote hufungwa kitambaa cheupe vikazikwa nyumbani. Mwalimu wa msikiti anasema ndivyo, na padri wa ng'ambo ya barabara hajapata kukataa. Manesi wa hospitali ile walikwisha kuzoea kukabidhi mlangoni mapema, mgonjwa angali usingizini. Ila Mwavita alikuwa amekumbusha jana, akakumbusha alfajiri, na sasa tena, mpaka Francine, mwanamke mpole anayejulikana kwa upole wake, akaanza kumjibu kwa mkato.

Uani, Zuberi, mume wa Mwavita, alikuwa ameketi kwenye benchi na jembe kati ya magoti, kama mtu aliyekosea njia ya shamba. Mwavita ndiye aliyemwambia alibebe. Mlinzi wa lango alilikagua jembe lile kana kwamba ni bunduki.

"Baba, opitalini unakuja kulima nini?"

"Uliza mama," Zuberi akajibu, na mlinzi alipomtazama mama, aliona afadhali asiulize.

Djamali, mume wa Rehema, mwendesha pikipiki ya abiria, alikuwa na mateso yake upande wa pili. Hospitali ilitaka kila familia ilete mazutu, yaani dizeli ya jenereta, siku ya upasuaji, naye alikuwa ameleta dumu lililojaa. Mtunza stoo alichovya kidole, akanusa, akakunja uso mbele za watu.

"Yenu iko na maji."

"Haina maji, Papa. Miye ni motari, ninajua mazutu."

"Motari wote wanajua mazutu. Na maji pia wanajua."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Djamali akaapa kwa Mungu, akaapa kwa mama yake, mwishowe akachukua kifuniko cha dumu, akamimina kidogo chini, akawasha kiberiti. Iliwaka vizuri. Mtunza stoo akaipokea bila kusema pole, na Djamali akarudi kwenye benchi huku masikio yamemwiva.

"Usijali, mukwe," Zuberi alimwambia. "Mwenye funguo za stoo njo waziri."

Habari njema ni kwamba mpasuaji alikuwa Dokta Godefroid, mzaliwa wa Kampene, humu humu jimboni Maniema, aliyesomea mbali na sasa amerudi kwa kampeni ya kukata marovu. Watu walisema amekuja na mashine ya mwanga. Ina kamera ya kushikwa kwa mkono na televisheni ndogo, na inaona ndani ya shingo vitu ambavyo jicho la mtu halivioni. Djamali na Rehema walikuwa wameelezwa yote ofisini. Mwavita hakuwepo; alikuwa kwenye soko la mtaa wa Kasuku akitafuta kitambaa cheupe.

*

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mwavita aliumwa kweli.

Ilikuwa wakati wa vita, waasi wameushika mji, treni haifiki tena na chumvi imekuwa adimu. Marovu yalifura shingoni mwa watu, na la Mwavita lilifura kuliko mengi. Siku moja akapita daktari mgeni, mtu mwenye huruma na haraka, akawakata wanawake kadhaa kwa mwanga wa taa za mafuta kisha akaondoka na ndege iliyomleta. Mwavita alipozinduka aliuliza nyama yake iko wapi. Mfagiaji akamwambia ukweli bila kuupaka sukari: imetupwa shimoni nyuma ya jiko, na mbwa wa askari wameshafika.

Kabla nyuzi hazijatolewa, midomo ilianza kumwasha kama imetambaliwa na siafu. Kisha vidole vikavutana, kiganja kikapinda chini, kidole gumba kikajificha ndani. Aliilazimisha mikono ikunjuke, ikakataa. Yakaisha, yakarudi. Tangu hapo yalikuja na kuondoka yatakavyo, zaidi akichoka au baridi ya mvua ikipiga. Biashara yake ya kusuka nywele ilikufa mwaka ule ule, maana nani atakaa chini ya mikono inayoweza kumnasa kichwa kama mtego?

"Mikono yangu ilikwenda na nyama," alimwambia kila aliyemuuliza.

Manesi waliokuja baadaye walisema ni mawazo ya vita, wakampa dawa za usingizi. Mwalimu wa msikiti alimwonya asifanye shirki. Mawifi walisema anakwepa kutwanga. Zuberi, ambaye wakati ule alikuwa fundi wa reli isiyokuwa na treni, hakusema baya. Alifua nguo, akakanda unga, akamfunga mke wake vifungo vya gauni, asubuhi baada ya asubuhi, bila kunung'unika. Lakini kumwamini hakumwamini. "Ni wasiwasi, Mama Rehema," alikuwa akimwambia kwa sauti ya kubembeleza, na sauti ile ya kubembeleza ilimuuma Mwavita kuliko matusi ya mawifi.

Rehema alikuwa mtoto mdogo. Alijifunza kutunga uzi kwenye sindano kwa niaba ya mama yake kabla hajajua kusoma, na ndiyo sababu mpaka leo, pale kwenye meza yake ya cherehani sokoni, hakuna wa kumshinda. Rovu lilipoanza kumbana koo hata akalala ameketi, Mwavita alikuwa wa kwanza kusema akakatwe. Aliweka sharti moja tu.

*

Jenereta ilinguruma, ikakohoa, ikazima.

"Niliwaambia maji," mtunza stoo akapaza sauti kutoka kibandani, ingawa dumu la Djamali lilikuwa bado limesimama pale pale miguuni pake halijaguswa.

Mle ndani Dokta Godefroid alikuwa akimalizia kazi kwa taa ya kichwani. Rovu lilikuwa limeshatoka, damu inamsumbua, na mashine ya mwanga imekufa mkononi mwa msaidizi wake. Aliinama shingoni asione kingine. Francine naye alifanya alichokifanya miaka yote. Akaitia nyama katika chupa yenye maji safi ya chumvi, akakaza kifuniko, akaenda mlangoni. Hakumwambia daktari, kwa sababu Kindu jambo hilo haliambiwi. Daktari hakumkataza, kwa sababu kule alikosomea nyama haitoki chumbani mpaka yeye aseme. Wote wawili walikuwa wazima wa akili, na kati yao binti wa watu alikuwa amelala shingo wazi.

"Chukua, Mama. Mutoto anaendelea muzuri."

Mwavita aliipokea chupa kwa viganja viwili. Aliizungushia kitambaa bila kuangalia ndani, maana haifai kuangalia wala kufungua kabla ya kuzika, akamwita motari wa kwanza aliyemwona. Zuberi akapanda nyuma yake na jembe begani. Watu wa Kasuku waliowaona wakipita walisimama kuwatazama, watu watatu na jembe juu ya pikipiki moja, na mwanamke wa katikati anatabasamu.

Ni kweli alikuwa anatabasamu. Tangu vita hakujisikia mwepesi kiasi kile.

Nyumbani walikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, kwenye migomba. Zuberi alichimba, mke akisimamia.

"Iongeze chini. Mbwa wanafukua."

"Hapa nimefika kwenye kiuno, Mama Rehema. Ni mbwa gani huyo, ao ni fisi?"

"Ongeza."

Akaongeza. Mwavita alikuwa amechuchumaa, chupa mapajani, midomo imeanza kusoma dua, pale pikipiki ya Djamali ilipoingia uani ikaanguka ubavu kabla haijasimama vizuri.

"Mama, usizike. Dokta anasema urudishe."

Mwavita hakuinuka. "Nini?"

"Chupa. Anaitaka sasa hivi. Stima imerudi, amewasha mashine yake, anaitafuta nyama. Haiko. Amemukemea Francine mpaka analia."

"Alie. Miye sitoi."

"Mama, nakuomba."

"Walitupa yangu, nikanyamaza. Sasa wanataka na ya mutoto. Ya kufanyia nini? Kupeleka Ulaya katika chupa, watu waiangalie?" Alikuwa amekwishaivuta chupa kifuani. "Uende umwambie nimezika."

Djamali alimgeukia baba mkwe wake. Zuberi, sasa shimoni mpaka kifuani, aliegemea mpini wa jembe. Alitaka kusema mpe, mke wangu, huyo ni daktari. Akakumbuka ni mara ngapi alikuwa amemwambia jambo la namna hiyo, akafunga mdomo. Hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote aliyoyafanya siku hiyo, na alilifanya kwa kukosa la kusema.

Djamali akapiga simu. Francine akapokea, bado anavuta kamasi, akaishikilia simu karibu na sikio la daktari ambaye mikono yake haikuruhusiwa kugusa kitu. Djamali akaweka sauti juu.

"Mama," sauti ya Godefroid ilisikika, na haikuwa ya ukali. "Uko na ile chupa? Uliifungua?"

"Haifunguliwi."

"Ni vizuri sana. Unisikilize. Katika shingo ya muntu iko vitezi vinne, vidogo kama punje ya mupunga. Njo vinaongoza chumvi fulani ya damu, ile inatuliza mikono. Vinafanana na mafuta, vinafanana na nyama, macho yetu yanaviacha. Hii mashine njo inavionyesha. Nimeangalia katika shingo ya Rehema. Nimeona viwili tu, na kimoja kinakuwa cheusi, sijui kama kitapona. Vingine haviko hapa, Mama. Vimekwenda na nyama."

Mwavita alisimama.

"Umesema nini?"

"Vimekwenda na nyama. Ukizika, unazika na mikono yake. Ukinirudishia, nitavitafuta kwa taa, nivikate vidogo-vidogo, nivipande katika nyama ya shingo. Vitashika, kama vile unapanda muhogo. Lakini iwe sasa, na chupa isifunguliwe."

Mwavita alikuwa amengoja maneno yale tangu vita, akitegemea labda atayasikia kwa mwalimu, au kwa mume wake, au kwa mtu yeyote mwenye adabu ya kusikiliza. Hakutegemea yatoke katika simu ya motari, kwa kijana wa Kampene aliyesimama na kisu juu ya binti yake. Kama mtu huyu angemwambia asiwe mshamba, au sayansi inasema hivi na vile, angeiteremsha chupa shimoni na kumwamuru Zuberi afukie. Lakini alikuwa amesema kile kile ambacho yeye mwenyewe alikuwa akikisema, na watu wakacheka.

"Djamali," akasema, "inua pikipiki."

Walipoondoka ndipo Zuberi alipotambua kuwa shimo ni refu na hakuna wa kumvuta mkono.

*

Francine aliipokea chupa kwa mikono miwili kama alivyoitoa. Alimvika Mwavita kanzu ya kijani na kofia, akamsimamisha kwenye kizingiti. "Dokta amekubali uone. Usiguse kitu, Mama. Hata ukuta."

Nje, jenereta ilikuwa ikinguruma kwa mazutu ya Djamali. Mle ndani wakazima taa kubwa. Mashine, Francine alinong'ona, haipendi kushindana na taa nyingine. Inamulika kwa mwanga ambao hauonekani, na vile vitezi vinaujibu kwa kung'aa vyenyewe. Mwavita aliona televisheni ndogo pembeni, na kwenye kioo chake nyama ya binti yake imelala kijivu, kijivu kote, kama majivu yaliyolowa. Msaidizi akaigeuza. Kijivu tena. Akaigeuza upande uliokuwa umegusa mfupa wa shingo.

"Simama hapo," Godefroid akasema.

Kidoa cheupe kilikuwa kimekaa ukingoni. Kidogo, lakini kinang'aa waziwazi, hata mtu asiyesoma angeweza kukionyesha kwa kidole. Chini kidogo, nusu kimejificha kwenye mkunjo, kulikuwa na kingine.

"Njo hivyo?" Mwavita aliuliza kutoka mlangoni.

"Njo hivyo, Mama."

Aliona mkasi mdogo ukivitenga, taa kubwa zikawashwa tena, na migongo ya madaktari ikamfunika kila kitu. Francine akamtoa taratibu. Nje, alipojaribu kuvua kofia, vidole vyake vilikuwa vimevutana na kiganja kimepinda, na ilibidi Djamali amvulie.

Nyama walirudishiwa baada ya mshono wa mwisho, katika chupa ile ile. Zuberi, aliyekuwa ameokolewa na jirani, aliizika jioni ile ile, na wakasoma.

*

Usiku wa kwanza Rehema alisema midomo inamwasha, na Mwavita alipiga kelele mpaka wodi nzima ikaamka. Wakampima damu, wakampa vidonge vya chokaa, ndiyo ile chumvi ya damu, na asubuhi kuwashwa kukapungua. Daktari alisema vitezi vilivyopandwa vinahitaji wiki kadhaa kushika, vidonge visikatizwe. Basi Mwavita akawa polisi wa vidonge. Alimkagua kinywa akivimeza. Alimwamuru afumbe na kufumbua viganja kila alipopita mtu, kwa fahari, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza kama yule dada anafundishwa ngumi.

"Mama, uniache nilale," Rehema alisema, sauti nzito kidogo, lakini ni yake.

"Fumbua kwanza."

Alifumbua. Vilinyooka vyote, vikakaa vimenyooka. Mwavita aliketi ukingoni mwa kitanda na furaha ikamjaa hata akakosa pa kuiweka.

Godefroid alipita na kundi lake asubuhi hiyo mvua ikipiga mabati. Aliangalia jeraha, akaridhika. Kisha akaangalia mikono ya mama, iliyokuwa imefichwa ndani ya kitenge kama kawaida yake penye wageni.

"Mama, naomba uso."

Kwa ncha ya kidole alimgonga kidogo shavuni, mbele ya sikio. Mdomo wa Mwavita ukaruka upande ule peke yake. Akagonga tena, ukaruka tena. Rehema alianza kucheka, akaacha katikati.

"Wewe ulikatwa rovu zamani," daktari alisema. "Na mikono inakunjika tangu wakati ule."

"Nani amekuambia?"

"Shavu lako, na kovu la shingo. Tutakupima damu leo. Utakunywa vidonge kama vya binti yako, na vingine pamoja. Sikudanganyi, vitezi vyako havitarudi. Lakini mikono itatulia." Akasita, maana aliona uso wake. "Vyako vilikwenda na nyama, Mama. Yule aliyekukata hakuwa na hii taa. Hakuna aliyevirudisha."

Zuberi alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, anapangusa mvua kwenye kofia yake.

"Mwanangu," Mwavita akasema, "sema tena. Polepole. Na umwangalie huyu baba hapa."

Godefroid hakuelewa, lakini alikuwa mtoto wa Maniema, na mama akisema sema, unasema. Akamgeukia Zuberi, akarudia yote tangu mwanzo, vitezi, nyama, mikono.

"Nimesikia, Dokta," Zuberi alisema.

"Hapana," Mwavita akasema. "Usimwambie yeye. Uniambie miye."

Zuberi aliiweka kofia kitandani. Alizunguka upande wa mke wake, akaichukua ile mikono kutoka ndani ya kitenge, mbele ya madaktari na wagonjwa na mkwe wake, akaishika.

"Ilikwenda na nyama, Mama Rehema."

Mwavita alikuwa analia, na hakuficha.

"Na ile miaka yote?"

"Ile miaka yote," Zuberi akajibu, "ulikuwa unasema kweli."